Mpuliza Dawa wa Shamba la Kolza

Pontien alikuwa akikoroga dawa ya vidukari kwa mkono mtupu, kama kila asubuhi tangu mradi ulipopanda kolza kwenye kilima juu ya Kalemie, nzi mmoja alipotua shingoni mwake akafa. Akatua wa pili, naye akafa. Pontien akawapangusa, akajitwika pompe ya kupulizia mgongoni.

Kolza hutoa maua ya manjano, na mbegu zake hukamuliwa mafuta. Viwavi walikuwa wakiipenda, vidukari zaidi. Kabla ya adhuhuri Pontien akaona kwamba vidukari wanapukutika anapopita tu, pompe ikiwa bado imefungwa. Akamweleza agronome, bwana shamba wa mradi, ambaye miaka ile aliitwa sitwayen, yaani raia, kama watu wote. Agronome akamfuata mistari miwili, akigeuzageuza majani.

"Iko vizuri," akasema. "Dawa itabakia. Weye tembea tu, Papa Pontien. Na pale penye magugu, ukae chini kidogo."

"Na gan za kuvaa mikononi, sitwayen? Mulisema zitakuja."

"Sasa gan za kufanya nini?"

Pontien akatembea. Alipoketi, magugu yalinyauka. Ukungu mweupe uliokuwa ukiozesha mashina ulikauka alipoyashika. Nyuki nao wakafa, maua mengi yakaanguka bila kushika mbegu. Agronome akasema ni jua.

Nyumbani kunguni waliisha, na Mado, mke wake, akafurahi. Kisha kuku wakafa. Kisha binti yao Bertille, aliyezoea kulala kifuani mwa baba, akaanza kutetemeka na kutokwa mate. Mado akafunga nguo zake na za mtoto katika kitambaa cha kikwembe.

"Si kwamba nimekukataa, Papa Bertille. Ni juu ya mutoto."

"Ninajua."

"Tunaenda Nyunzu. Ukifika kule, usimame pale gare ya treni. Nitamuleta akuone."

Pontien akawasindikiza hadi kwenye treni, yeye akipita ng'ambo ya barabara. Mado akauinua mkono wa Bertille dirishani, akampungia nao.

Mvua zilipoanza, masista wa zahanati walimwomba aje jioni, kwa sababu ya mbu. Wakamtandikia mkeka barazani, chini ya dirisha la wodi ya watoto. Mbu wakaanguka sakafuni kama makapi. Ndugu za wagonjwa walimshukuru kutoka mbali, wakamsogezea sahani ya ugali kwa mpini wa fagio. Alikula taratibu, akiwasikiliza wakibishana juu ya bei ya dagaa na kuchekana. Mmoja alipocheka sana, Pontien naye alicheka, peke yake, upande wake.

Asubuhi moja wanaume wapya wa mradi walipita mbele ya zahanati wakitoka gare, bidoni za dawa vichwani. Moja ilikuwa ikivuja, na shati la mbebaji lilikuwa limelowa hadi kiunoni.

"Ndugu, inavuja," Pontien akamwambia.

"Ninaona, Papa," yule akajibu kwa heshima, akaiweka sawa kichwani, akaendelea kupanda kilima.