Darasa la Sita Bandarini

Chaki zilikuwa zimekwisha tangu Pasaka. Mwalimu Odile aliandika hesabu kwa kipande cha muhogo mkavu, nacho kiliacha mstari hafifu ambao waliokaa nyuma waliuona kwa kukodoa macho. Walikuwa watoto hamsini na wanane wa mwaka wa sita, na mtihani wa kumaliza shule ulikuwa kesho. Asiyefaulu angebaki kuanika samaki wadogo wa ndagala ufukoni.

Hajamaliza hesabu ya kwanza, mkurugenzi wa shule akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mama Odile, toa watoto. Komisera wa jimbo anafika na meli saa tatu. Lazima wamuimbie na kumuchezea."

"Papa Dirikta, hawa kesho njo mutihani wao. Uniachie hawa tu. Chukua mwaka wa tano, wa nne..."

"Amri inasema shule yote. Mwenzangu mumoja aliacha darasa nyuma, leo hana kazi. Niko na watoto saba, mama."

Odile hakumchukia. Miaka kumi na miwili iliyopita alimkuta mtu huyu akigombana na wakubwa kwa ajili ya madawati. Ubishi ulimwisha kidogo kidogo, kama soli ya kiatu.

Saa tatu ilipita, ya nne, ya tano. Meli haikuonekana. Watoto walisimama kando ya reli za bandari bila tone la maji, wakirudia wimbo uleule wa chama tawala. Karibu saa sita Zabibu, binti wa muuza mawese, akachuchumaa na kushika kichwa. Hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana. Odile alimpeleka kwenye kivuli cha behewa. Alipogeuka, darasa zima lilikuwa limemfuata.

Aliwatazama, akaokota kijiti, akaandika mavumbini: robo tatu ya magunia ishirini na manne.

"Nani atanipa jibu?"

Mikono ikainuka. Walikuwa kwenye hesabu ya nne kiatu cheusi kilipokuja kufuta tarakimu. Kilikuwa cha mtu wa chama, beji kifuani.

"Sitwayeni, jina?" Ndivyo chama kilivyoagiza kila raia aitwe.

"Odile."

"Majina ya wazungu yalikatazwa. Jina la Kizaire."

"Kalunga."

"Unafanya nini hapa, sitwayeni Kalunga?"

"Ninafundisha."

"Kazi yako leo njo kuchezesha watoto."

"Meli haiko. Wakianguka na jua, nani atamuchezea Komisera?"

Mtu yule aliandika jina kwenye daftari, bila haraka. "Warudi kwenye mustari," akasema, akaenda zake.

Kuwarudisha lilikuwa jambo jepesi. Hata watoto wenyewe walishaanza kujipanga. Lakini Odile akamshika Zabibu mkono.

"Twende darasani," alisema, bila kupaza sauti.

Walipita mbele ya shule nyingine zote, na hakuna aliyewacheka. Walikunywa maji kwenye bomba la misheni, kisha wakasoma. Honi ya meli ilipolia saa tisa, wachache tu waliinua vichwa.

Saa kumi na moja mkurugenzi alirudi na barua.

"Wamekuhamisha Kiambi, kule mbali, kwa kupitia Kabalo. Lazima uende na treni ya Kabalo, kesho asubuhi. Ukiikosa, wanakuandika umetoroka kazi."

Odile aliisoma mara mbili. "Chaki tuliomba miezi mitatu, hawakujibu. Hii imechukua saa tano."

"Si mimi niliandika, mama."

"Najua, Papa."

Zabibu alikuwa amesimama karibu, madaftari kifuani. "Mwalimu, kesho utatusindikiza?"

"Mwalimu wenu anasafiri," mkurugenzi alimjibu haraka, akavaa kofia.

Asubuhi Odile alipitia kwenye shule ya mtihani, sanduku kichwani. Alitaka kuwaona tu wakiingia, kisha aelekee kituoni. Waliingia wawili wawili. Mlinzi alishika lango kulifunga ndipo Zabibu akatokea, akitembea kama mgonjwa.

"Umekula?"

Msichana akatikisa kichwa.

Odile alitua sanduku, akafungua kitambaa chenye chakula chake cha safari, ndizi mbili za kuchemsha. "Kula. Polepole, usitapike."

"Mama, ninafunga," mlinzi alisema.

"Utafunga, baba. Acha mutoto ameze."

Mlinzi alitazama huku na huku, mkono juu ya komeo. Zabibu alikula ndizi zote mbili, akajifuta mdomo, akaingia. Lango likafungwa nyuma yake.

Kule chini, kituoni, treni ilipiga filimbi. Kwa mbio angeweza bado kuiwahi. Odile alisikiliza mpaka magurudumu yakaanza kusaga reli. Kisha akasogeza sanduku ukutani, akalikalia, akangoja watoto watoke.