Maneno Niliyoyafuta

Mkwe wangu, mume wa binti yangu wa mwisho, alitaka nihamie kwao mjini. Mimi sikutaka. Nyumba yangu ina vyumba viwili na mlango unaolia, lakini funguo ninazo mimi. Kumkatalia mkwe usoni ni aibu, basi nikawa nasema nitafikiria.

Akachoka kungoja, akanitumia fomu kwenye simu: "Maoni ya Mama kuhusu kuhama." Nilipoifungua ikaandika: Waraka huu unaomba ruhusa. Ruhusu? Nikaona ina adabu kuliko watoto wa siku hizi, haiingii bila hodi. Nikaibonyeza: karibu.

Kwenye maoni nikaandika, "Siji, nyumba yenu inanuka soksi." Nikaona haya, nikafuta herufi moja moja, nikaandika, "Nitafikiria."

Kabla sijaituma, simu ikalia.

"Shikamoo, Mama. Kama ni soksi, nitazifua mwenyewe."

"Soksi gani, baba?"

"Aa... nilikuwa naongea na mke wangu."

Mjukuu wangu anachapa barua za watu kwenye duka la fotokopi. Nilimpelekea simu, akaikagua ile fomu, akacheka hadi akakaa chini.

"Bibi, humu ndani kuna maagizo yamefichwa. Ukishayaruhusu, kila herufi unayoandika inamfikia yeye papo hapo. Hata ukifuta."

"Kumbe katega sikio ndani ya karatasi!"

"Ndiyo hivyo. Niiondoe?"

"Wewe, acha! Ikae."

Sina haraka mimi. Kila asubuhi, nikinywa chai, niliandika mstari mmoja. Jumatatu: "Kuku wangu kumi na wawili watalala sebuleni." Nikafuta. Kesho yake: "Dada yangu yule anayekoroma nitakuja naye." Nikafuta. Alhamisi ndiyo nilijikaza: "Kila alfajiri mkwe awe ananikanda miguu." Hiyo niliifuta polepole, aisome vizuri.

Ijumaa nikaandika, "Nakuja kwa moyo mmoja." Sikufuta. Nikatuma.

Hata chai haijapoa, akapiga.

"Mama, tumekaa tukazungumza. Kile chumba... kina unyevu. Kwa afya yako, bora ubaki huko huko."

"Unyevu! Maskini mimi, baba, na nilivyokwisha kujiandaa!"

Nikamwambia nimesikitika. Na kweli nilisikitika, maana yalikuwa yamebaki mengi ya kuandika na kufuta.