Jukwaa Ni Lako, Mama

Kamati yetu ya Mshikamano na Wanawake wa Iran ina viti tisa. Saba vimekaliwa na wanaume, kimoja na Bi Mahvash, na cha tisa wamekiacha kitupu kwa ajili ya mwanamke mwingine atakayepatikana. Kimekaa hivyo tangu theluji ya mwaka juzi, na nasikia ndicho mjumbe pekee ambaye hajawahi kumkatiza mtu maneno.

Kamati hiyo ndiyo iliyoandaa onyesho la Jumapili ile hapa Gothenburg, katika ukumbi wa mtaa ulio mwisho wa njia ya tramu. Saa sita mchana mpaka saa kumi kamili. Nyimbo, mashairi, hotuba, na mtu kujikata nywele jukwaani. Ratiba ilikuwa na nambari kumi na moja, na mdogo wangu Nosrat alikuwa nambari kumi na moja.

Nosrat ana miaka sabini na mmoja. Kwetu Borujerd, zamani, harusi haikuhesabiwa harusi mpaka yeye aimbe. Watu walikuwa wanasogeza tarehe ya ndoa kwa sababu Nosrat ana mafua. Halafu wakaja wenye ndevu, wakasema sauti ya mwanamke peke yake mbele ya wanaume ni haramu. Nosrat akaipeleka sauti yake jikoni, akawa anawaimbia vitunguu. Tukahamia huku, ambako hakuna aliyemkataza. Hakuna isipokuwa mume wake, Mungu amrehemu na asimrudishe. Alipokufa huyo, Nosrat akawekwa kwenye kwaya, mstari wa nyuma, mahali pa kuchezesha midomo.

Vuli ile akaota uvimbe kooni, mkubwa kama ndimu. Daktari, kabinti kenye madoadoa usoni, akamwambia bila kuzunguka: tutaukata Alhamisi, ila mshipa wa sauti unapita hapo hapo. Unaweza kuamka na sauti yako, unaweza kuamka na nyingine.

Tulirudi kwa tramu. Kituo cha tano akaniambia, "Dada, nataka kuimba mara moja tu. Peke yangu. Mbele ya wanaume, wananitazama."

"Na wakikutazama?"

"Wanitazame mpaka macho yawatoke."

Basi nikaenda kwa mwenyekiti wa Kamati, Mhandisi Jahanbakhsh. Sisi kila mwanaume mwenye miwani tunamwita Mhandisi, na akiwa na miwani na kitambi tunamwita Daktari. Huyu ana miwani. Alinisikiliza huku akiangalia simu, akasema, "Mama Esmat, hili ni jambo zito. Dunia inatutazama. Sasa wimbo wa harusi utaonekanaje?"

"Utaonekana kama wanawake wako hai."

Akaandika kitu kwenye daftari lake. Ndiyo ikawa nambari kumi na moja. Nambari kumi alikuwa yeye mwenyewe, na hotuba yake: "Mwanamke Jana, Leo na Kesho."

Jumapili yenyewe tulichelewa kuanza kwa sababu ya mlango. Mhandisi Jahanbakhsh na Daktari Sohrabi walifika pamoja, wakakutana kizingitini. "Tangulia, Daktari." "Haiwezekani, Mhandisi, mimi ni nani?" "Wallahi sitangulii." "Basi na mimi nitalala hapa hapa." Ndiyo adabu yetu. Mtu anakupa, unakataa. Anakupa tena, unakataa. Kila mmoja anajua kwamba hakuna aliyempa mwenzake kitu. Nyuma yao watu arobaini wanalowa mvua. Mwishowe akaja Göran, Msweden anayetunza ukumbi, na ngazi yake begani. Akasema samahani, akapita katikati yao.

Göran huyo lazima nimweleze kidogo. Ni mtu mwema, mrefu, ana funguo nyingi kiunoni, na ukimwambia neno anaamini ni neno. Mwaka juzi aliisifia sinia ya fedha ya Bi Mahvash, ile aliyoachiwa na mama yake. Bi Mahvash, kama alivyolelewa, akasema, "Ni yako, hata haikustahili wewe." Göran akashukuru sana, akaibeba, akaenda nayo nyumbani. Anawekea viazi. Bi Mahvash mpaka leo ukitaja viazi anatafuta kitambaa cha machozi.

Onyesho likaanza. Juu ya jukwaa bango kubwa: Mwanamke, Maisha, Uhuru. Chini ya bango wanaume watano kwenye viti, wanajadili uchungu wa mwanamke. Wanawake tulikuwa jikoni. Sisemi kwa mfano, tulikuwa jikoni kweli, tisa sisi, tunapaka saladi ya kuku na viazi kwenye mikate ya watu mia na ishirini, samova ya chai inatupulizia mvuke usoni. Kuna kidirisha cha kupitishia sahani, na mimi nilikuwa nimekaa hapo kama mtangazaji wa mpira.

Akram, mke wa Mhandisi, mikono imejaa mayonezi, akaniuliza, "Anasema nini mume wangu?"

"Anamtambulisha msemaji. Anasema wakati umefika mwanamke atoke jikoni."

"Mwambie chumvi imeisha."

Nambari nne likasomwa shairi kuhusu nywele. Aliyelisoma ana upara. Nambari saba ikawa zamu ya Bi Mahvash kukata zake.

Hapa nataka nieleweke. Mama yangu alikata msuko wake siku tuliyomzika kaka yetu, akauweka juu ya udongo, na sikuwahi kuona kitu kizito kuliko ule msuko. Na wasichana wa juzi waliokata zao barabarani, wakijua nani anawatazama na ana bunduki, mimi siwafanyii mzaha hata siku moja. Bi Mahvash ni habari nyingine. Bi Mahvash alinunua nywele dukani, rangi ya kahawia iliyoiva, na niliyembania vibanio asubuhi ile ni mimi. "Bana vizuri, Esmat," aliniambia. "Nina harusi ya mpwa wangu Jumamosi."

Sikubana vizuri. Alipoinua mkasi, muziki ukalia, akafumba macho kwa huzuni, na nywele zikaanguka kabla mkasi haujafika. Mtoto mmoja akasema kwa sauti, "Mama, zimekimbia." Bi Mahvash, nampa haki yake, alilia vilevile.

Ikafika saa tisa na dakika ishirini. Nosrat alikuwa mstari wa pili, gauni la buluu, mkono shingoni pale penye uvimbe. Nikavua aproni nikaenda kukaa naye.

Mhandisi Jahanbakhsh akapanda. Akaweka karatasi zake mezani, akazipigapiga zikae sawa. Nilizihesabu kwa unene, hazipungui ishirini. Akaanza na mwanamke wa zama za mawe. Saa tisa na nusu tulikuwa bado hatujavumbua moto. Saa tisa na dakika arobaini Göran akatokea mlangoni na funguo zake, akaangalia saa ya ukutani. Göran saa kumi kwake ni saa kumi. Anazima umeme hata kama umeshika kijiko.

Nosrat akaniambia kwa mnong'ono, "Twende nyumbani, dada. Imetosha."

"Kaa."

"Hatafika mwisho huyu. Yuko kwa malkia wa kale."

"Nimesema kaa."

Lakini na mimi moyo ulikuwa umeshuka. Nilikuwa naiona Alhamisi, kisu, na yule dada wa madoadoa. Miaka arobaini na kitu mtu anasubiri zamu, halafu zamu inaliwa na malkia aliyekufa zamani.

Ndipo Mhandisi akajiponza mwenyewe. Watu walikuwa wameanza kupiga miayo, akataka makofi. Akavua miwani, akatazama mstari wetu, sauti akaitia maji ya machozi.

"Ndugu zangu, mimi ni nani hata niseme, wakati mama kama Bibi Nosrat ameketi hapa? Mimi ni vumbi la viatu vyake. Hili jukwaa si langu. Jukwaa ni lako, mama! Ukiamuru, nashuka sasa hivi!"

Makofi yakapigwa. Akainama, mkono kifuani, karatasi kumi na tatu zikimsubiri mezani. Alijua, na ukumbi mzima ulijua, kinachofuata. Bibi atainuka nusu, aseme hasha, Mhandisi, sisi tunanufaika, endelea. Na kweli Nosrat akaanza kuinuka nusu, na mdomo umeshafunguka kwenye hasha.

Nikamfinya paja. Kucha, si vidole.

"Nosrat," nikamwambia sikioni. "Fanya kama Göran."

Akanitazama. Nilimwona anaelewa; ilianzia kwenye nyusi. Akafunga mdomo. Akasimama wima, akalinyoosha gauni, akasema kwa sauti ya ukumbi mzima kusikia, "Ahsante, mwanangu. Nashukuru sana."

Akaanza kutembea.

Sijawahi kuona mtu anazeeka haraka kama Mhandisi Jahanbakhsh. "Aa... mama, usijisumbue, ngazi hizi ni mbaya."

"Zimekupandisha wewe, zitanipandisha na mimi."

"Labda tumalizie kwanza sehemu hii ndogo..."

"Umesema ukiamrishwa unashuka," Nosrat alimwambia taratibu, ameshafika kwenye kipaza sauti. "Basi shuka, mwanangu. Angalia ngazi."

Kutoka kwenye kidirisha cha jikoni nikasikia mtu anacheka mpaka anakohoa. Alikuwa Akram. Mhandisi akakusanya karatasi zake, moja ikaanguka, hakuna aliyemwokotea.

Nosrat akasimama chini ya lile bango. Hakusema neno la utangulizi. Alitazama wanaume, mstari kwa mstari, kama mtu anayekagua vitambaa sokoni, kisha akaimba. Ulikuwa wimbo wa upande wa bibi harusi, ule wa kumkejeli bwana harusi kabla hajafunguliwa mlango: umekuja na farasi, farasi ni wa jirani; umekuja na kilemba, kilemba ni cha baba; wewe mwenyewe umekuja na nini, tukufungulie? Mwanzo sauti ilikwaruza kidogo. Kwenye ubeti wa pili ikafunguka, na mimi nikawa na miaka kumi na tisa, nimebeba sinia ya hina uani kwetu.

Wanawake wakatoka jikoni wote, na mikono yao ya mayonezi, wakasimama ukutani wakipiga makofi ya mdundo.

Kwenye ubeti wa nne saa ikagonga kumi, na Göran akazima kipaza sauti na taa. Ni mtu wa neno lake. Mhandisi akainuka kitini haraka, amefurahi, "Basi jamani, muda..." Lakini Nosrat hakunyamaza. Alikuwa anaimba kabla hajajua umeme ni kitu gani. Sauti ikajaza ukumbi ule wa giza la vuli mpaka vioo vikatikisika, Mhandisi akabaki amesimama na mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo ulikuwa hautoki kitu. Aliimba beti saba. Göran alisubiri mlangoni, hakuwasha, hakufukuza. Nosrat alipomaliza, Göran akamwambia kwa Kisweden kwamba amevuka dakika sita, na kwamba ataandika sita kwenye daftari lake, na kwamba yeye binafsi hajali.

Jumanne likatoka jarida la Kamati. Ukurasa wa kwanza, picha ya Mhandisi ameinama mkono kifuani, na maneno: "Mwenyekiti awaachia jukwaa akina mama." Picha ya Nosrat haikuwemo. Kulikuwa na kiwiko chake.

Alhamisi akakatwa. Ijumaa nilipofika hospitali alifungua mdomo kunisalimu, ukatoka upepo tu, kama tairi ya baiskeli. Dada wa madoadoa akasema tusikate tamaa, ila asizungumze wiki mbili, na kuhusu kuimba hakusema chochote. Niligeuka dirishani nikajifanya naangalia mvua. Nosrat akanivuta mkono, akachukua kalamu, akaandika kwenye karatasi: *Niliwaona macho. Yaliwatoka.*

Jioni hiyo akaja Bi Mahvash, na maua, na nywele zake zote kichwani. Akambusu Nosrat mashavu mawili. Akasema amesumbuka, hajalala, Kamati nzima imeumia moyo. Nosrat anatikisa kichwa tu. Na Bi Mahvash, mtu akinyamaza mbele yake, adabu humtoka kama maji ya bomba bovu.

"Nosrat mpenzi, mwaka ujao sisi ni nani hata tupange? Ratiba nzima ni yako! Andika wewe unavyotaka, sisi tutafuata kama watoto!" Akatoa mkobani ratiba ya mwaka ujao, mistari mitupu, akaitandaza juu ya blanketi, kuonyesha kwamba anamaanisha.

Nosrat akanitazama. Nyusi zile zile.

Akachukua kalamu. Bi Mahvash akacheka kidogo, "Ee... si lazima iwe leo, mpenzi..." lakini kalamu ilikuwa inakwenda. Nosrat hana haraka ya kuandika, sote wawili tuliishia darasa la tano, kila herufi anaitengeneza kama tambi. Chini kabisa, penye Maandalizi, akaandika: *Chai: Mhandisi Jahanbakhsh. Mikate: Daktari Sohrabi.* Akafikiri. Akaongeza: *Chumvi waje nayo.*

Kisha akapanda juu, penye nambari moja, na hapo akaandika jina lake, peke yake, akalipigia mstari mara mbili.

Bi Mahvash akanyoosha mkono kuichukua ile karatasi. Lakini nilikuwa nimeshaikunja, na nimeshaitia kifuani.