Hutakatwa Chochote Leo

Kadi ya benki ilikuwa bado na joto la kifua chake. Niliichomoa kwenye mfuko wa shati kwa vidole viwili, pumzi nimeibana, Baba akiwa amesinzia kwenye kiti cha dirishani baada ya chakula cha mchana. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala pajani kama kitu alichoshikishwa na mtu aliyeahidi kurudi kukichukua. Nikapiga magoti mbele ya runinga, nikaingiza tarakimu moja moja. Kumi na sita. Kisha tatu za nyuma ya kadi. Kisha simu yake ikalia mezani, mlio mfupi, nami nikaifunika kwa kiganja kana kwamba ni mdomo wa mtoto anayetaka kulia.

Baba akageuza kichwa. Hakuamka.

Kwenye simu kulikuwa na namba ya uthibitisho. Niliinakili kwenye skrini, nikaufuta ujumbe, nikairudisha simu pale pale na kadi pale pale. Runinga ikaandika kwa herufi za kijani: Karibu! Siku zako thelathini za bure zimeanza. Hutakatwa chochote leo.

Nilikuwa na miaka thelathini na minne. Nilijiambia sijaiba kitu.

Miezi miwili kabla ya hapo Baba alikuwa fundi wa funguo. Mtaani walimwita Fundi Nakala, kwa utani, kwa sababu hakukubali kubaki na nakala ya ufunguo wa mtu hata mmoja. Akishachonga, anahesabu mbele ya mteja: huu wako, huu wa mkeo, na huu ulioharibika, nenda nao. "Ufunguo uliogoma leo unaweza kukubali kesho," alikuwa akisema. Asubuhi moja kiharusi kikamkuta amesimama mbele ya mashine yake ya kuchongea. Alipotoka hospitali, wiki tatu baadaye, kibanda kilikuwa na mpangaji. Kaka yangu alikuwa amekikodisha. Alifanya kwa nia njema, maana dawa nani angezilipia? Ila mwenyewe hakuulizwa. Baba alipoambiwa aliuliza swali moja tu: "Mashine zangu ziko wapi?" Akajibiwa ziko stoo. Hakuuliza tena.

Dada wa mazoezi, mtaalamu wa viungo aliyekuja nyumbani kila Jumanne, hakuwa mtu wa kupaka maneno asali. "Miezi mitatu ya kwanza ndiyo inayorudisha mkono," aliniambia mlangoni akivaa viatu. "Na mzee hajitumi. Mpira wa kubana ninaomwachia naukuta pale pale nilipouweka." Yeye ndiye aliyeutaja ule mchezo wa kwenye runinga. Unaendesha winchi bandarini: unabana kishikio, kontena linanaswa, unainua mkono, linapaa, unaachia taratibu, linatua. Wagonjwa wake wawili, alisema, walipata vidole vyao humo.

Mashine ya kuchezea tuliiazima kwa kaka. Mchezo tulikwenda kuununua wenyewe, mimi na Baba, kwa mama mmoja wa miwani ambaye dukani kwake uliweza kupata kila kitu mpaka betri za saa. Juu ya boksi ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa: NDANI: SIKU 30 ZA KUCHEZA BURE. Baba aliyagonga yale maandishi kwa kidole cha kushoto, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilimwona ana hamu ya kitu. Tangu hospitali sikuwa nimeiona.

Tulipofika nyumbani, runinga ikaomba namba ya kadi.

"Ya nini?" Siku zile maneno yake yalitoka yakiburuta mguu.

"Ni utaratibu tu, Baba. Siku thelathini zikiisha ndiyo wanaanza kukata. Usipotaka, unajitoa kabla."

"Siku hizo thelathini nimeshazinunua. Zimo kwenye boksi."

"Zimo."

"Sasa mfuko wangu wanautakia nini?"

"Kila mtu anaweka."

"Kila mtu si jina la mtu." Akakusanya nguvu za sentensi ndefu. "Mimi nikuuzie kufuli. Nikwambie mwezi wa kwanza ni zawadi. Lakini niachie ufunguo wa nyumba yako, nisije nikapata taabu ya kupiga hodi. Utaniitaje?"

Akaweka kishikio mezani. Siku nne zikapita, runinga ikiwa na kile kisanduku chake cheupe kinachosubiri namba, Baba akikitazama kama mtu anayetazama mlango wa jirani asiyeelewana naye, na mimi nikihesabu: zimebaki wiki nne za ile miezi mitatu. Mimi mwenyewe kadi sikuwa nayo. Malipo yangu yote yalipita kwenye simu, na mchezo ule simu haukuitaka. Ndipo mchana ule nikapiga magoti.

Alipoamka nilimwambia nimewapigia wenye mchezo, wamekubali kufungua bila kadi. Uongo wenyewe ulinitoka laini, kama bawaba iliyotiwa mafuta.

"Uliwapa mfano wa kufuli?" aliuliza.

"Niliwapa."

Akacheka. Kicheko kilipanda upande mmoja wa uso na upande wa pili ukajaribu kukifuata. Hakuna tusi ambalo lingeniuma kama kile kicheko.

Siku ya kwanza makontena yote yalitumbukia majini. Siku ya tano aliweza kunasa moja, likamponyoka juu ya meli, naye akaitukana meli. Siku ya tisa kidole gumba kilibana kishikio bila kusaidiwa na mkono wa kushoto, na dada wa mazoezi, ambaye sijapata kumwona akitabasamu, alikaa chini kabisa kwenye mkeka akatazama raundi tatu. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilikuwa nikiruka kila simu yake inapolia. Kazini, kwenye mapokezi ya kliniki ya macho, nilikuwa nimeizungushia duara tarehe ya kujitoa kwenye kalenda ya ukutani, na wagonjwa walipokuja kuomba miadi ya siku ile niliwapa nyingine, kama vile tarehe yenyewe ilikuwa na wenyewe.

Siku ya kumi na sita nilirudi nikakuta runinga imezimwa. Baba alikuwa amekaa wima, simu mbele yake.

"Soma."

Nilisoma. Mpendwa mteja, zimebaki siku kumi na nne za bure. Baada ya hapo malipo yatakatwa kwenye kadi yako. Asante kwa kutuamini.

"Kwa sauti," alisema.

Nikasoma kwa sauti. Nilipofika "kutuamini" akanikatiza.

"Nani aliwaamini?"

"Nilitaka mkono wako upone, Baba."

"Mkono wa nani?"

Niliirudisha simu mezani.

"Wale wa mchezo waliniuliza," alisema. "Nikakataa, wakangoja. Siku nne wamengoja. Wewe hukuuliza." Hakupaza sauti, angepaza ingekuwa nafuu. "Kaka yako alichukua kibanda kwa ajili yangu. Wewe umechukua kadi kwa ajili yangu. Wema wenu ukifika mwisho, mimi nitakuwa nimebakiwa na nini?"

Akaniambia niiondoe kadi, sasa hivi, yeye akiona. Niliwasha runinga. Kuweka kadi kulichukua dakika mbili. Kuiondoa kulinipitisha kurasa sita, na kila ukurasa uliuliza kama nina hakika. Wa mwisho uliandika: Ukiondoa kadi, siku zako za bure zilizobaki zitafutwa. Nikausoma kwa sauti bila kuambiwa. Nilidhani atasita. Mimi nilisita, kidole juu ya kitufe, nikiwaza kile kidole gumba, nikiwaza wiki mbili tu zilizobaki.

"Ondoa," alisema.

Nikabonyeza. Bandari ikatoweka.

Zilifuata siku tisa ambazo mimi na yeye tulipeana chumvi na dawa na si zaidi. Dada wa mazoezi alinikemea jikoni kwa sauti ya chini, akaenda kumkemea Baba kwa sauti ya juu, na kote kuwili akatoka mikono mitupu. Siku ya kumi Baba aliniomba karatasi zenye mistari na kalamu ya risasi. Nikakaa tayari kuandika. Akaninyang'anya kalamu, akaipachika kwenye vidole vya mkono wa kulia kimoja kimoja, akaushika kifundo kwa mkono wa kushoto, akaanza.

Barua ile ilimchukua siku nne. Neno la kwanza lilikula mstari mzima. Karatasi ilikuwa ikiteleza juu ya meza, naye anairudisha kwa kiwiko, inateleza tena. Siku ya pili sikuweza kuvumilia.

"Nisamehe, Baba."

Hakuinua uso. "Shika hapa, isiteleze."

Nikashika. Nilishika pembe ile ya karatasi siku tatu, kila nikirudi kutoka kazini, na hivyo nikaisoma barua herufi kwa herufi ikizaliwa: Mliandika siku thelathini zimo ndani. Mtu alipe apewe alicholipia. Akitaka zaidi, mwombeni siku hiyo, naye atawajibu. Mimi ni fundi wa funguo. Ufunguo wa mtu haukai kwangu.

Kwenye mchezo hakukuwa na anwani popote, kwa hiyo tuliipeleka dukani. Mama wa miwani aliisoma akiwa amesimama, wateja wawili wakisubiri nyuma yetu.

"Mzee wangu, mimi nauza tu. Si mimi niliyeandika."

"Najua. Lakini boksi nimelipokea mkononi mwako."

Nilidhani atatufukuza. Akachukua kalamu nene ya wino, akashusha maboksi matatu yaliyobaki kwenye rafu, na chini ya yale maandishi makubwa akaandika juu ya kila moja: Utaombwa kadi kwanza. Mwandiko wake ulikuwa mbaya kuliko wa Baba. Barua akaitia kwenye bahasha, akaahidi kuituma kwa wanaomletea mali. "Watanigombeza," alisema, na sauti yake haikuwa ya mzaha.

Jibu lilikuja baada ya wiki tano, kwenye karatasi nzuri. Walishukuru kwa maoni. Walisema utaratibu wao upo kwa urahisi wa mteja. Hakuna kilichobadilika. Baba aliisoma mara mbili, akaikunja.

"Angalau wameniita Bwana," alisema.

Aliishi miaka sita baada ya hapo. Mkono haukurudi wote. Aliweza kuchonga funguo za makufuli ya kawaida, zile za meno madogo hakuzigusa tena. Kama zile siku kumi na nne zingemrudishia na hizo, sijui, na dada wa mazoezi nilipomuuliza alisema naye hajui. Nimeishi na hilo.

Jioni ya siku ile ya jibu, jua likiwa bado uani, niliona kucha zake zimerefuka. Nilikuwa nimeshakwenda kuchukua kikatio, nimeshavuta kigoda, nimeshaunyoosha mkono wangu kuushika wake. Nikausimamisha hewani.

"Nikukate kucha, Baba?"

Aliitazama mikono yake yote miwili, akaifikiria kwa muda mrefu kuliko jambo lenyewe lilivyohitaji. Kisha akanipa mmoja.

"Kata za kushoto," alisema. "Za kulia nitakata mwenyewe."