Ngazi za Bi Visi

Alhamisi asubuhi, manyunyu yakiwa yameishika Bilbao kama kawaida yake, Visitación Olabarri alifungua dirisha la jikoni kwenye ghorofa ya tano akateremsha kikapu kwa kamba. Muuza mkate akatia mkate mmoja na gazeti, akaivuta kamba kidogo kumjulisha kwamba tayari. Kamba ilikuwa ileile aliyoiacha marehemu mumewe, na ilifika chini bila taabu. Zilizorefuka zilikuwa ngazi.

Zilianza mwaka ule goti lake lilipomgomea. Majirani walikutana chini mlangoni kupigia kura lifti, wakaikataa, na kesho yake kati ya ghorofa ya nne na ya tano kukawa na kipande kipya cha ngazi. Kila walipoikataa tena, kipande kingine kiliongezeka. Kwa nje jengo lilibaki na ghorofa zake tano, kwa hiyo manispaa haikuona cha kushughulikia. Mleta barua alinung'unika wiki moja, kisha akazoea. Balendin wa ghorofa ya kwanza alizikagua mbao akasema ni msonobari mzuri, siku hizi haupatikani.

Bi Visi alitaka jambo moja tu. Alitaka kushuka mtaani kwa miguu yake, apite kando ya mto hadi sokoni, akachague samaki mwenyewe, kabla hajashushwa amelala.

Halafu wakaja watu wa filamu. Mwongozaji wao, kijana aitwaye Unai, alifika mlangoni kwake akihema, akajibwaga sakafuni, akasema hajapata kuona jengo linalomfaa namna hii. Filamu yake ilikuwa ya kutisha. Ilihusu mji wa miaka ijayo, ambako wazee hupandishwa juu na ngazi huongezwa mpaka sauti zao zisisikike chini.

"Sasa hapo wewe umebuni nini?" Bi Visi akamuuliza.

"Mji tu, bibi."

Akamwomba acheze yule kikongwe wa juu kabisa. Bi Visi akakubali, kwa kuwa alikuwapo nyumbani. Kazi yake ilikuwa kugonga mlango kwa ndani na upawa, na aliifanya vizuri, maana mlango ulikuwa wake na upawa ulikuwa wake.

Filamu ikapata tuzo kubwa. Majirani wote wakaenda kuitazama pamoja, na usiku ule Bi Visi aliwasikia wakipenga kamasi ngazini. Kesho yake Nekane wa ghorofa ya pili alimpandishia kimanda cha viazi, ambacho kilifika kimepoa kabisa.

"Bi Visi, umetutoa machozi! Ukumbi mzima! Balendin amelowesha leso yangu, hajairudisha mpaka leo."

"Basi lifti mtaipitisha."

"Ah, baada ya ile? Nani atakuwa na uso wa kukataa?"

Jioni ya mkutano Bi Visi aliweka kiti mlangoni, akavaa viatu vyake vya kutokea, akaketi. Sauti zilipanda zote, moja moja. Mwenyekiti mwaka huo alikuwa Balendin, kwa sababu zamu ilimfikia na hakupata pa kukimbilia.

"Jamani, mimi tangu nione yule kikongwe sijalala," alisema. "Lakini tusisahau, hizi ngazi ndizo zilizopata tuzo. Watu wanatoka Madrid kuja kuzipiga picha. Tukitia lifti itabidi tuzing'oe. Tung'oe kitu kilichowaliza watu kiasi kile? Mimi moyo hauniruhusu."

Akawaita wanaoikataa lifti. Kisha mikono ikanyanyuka, na katikati ya mikono Bi Visi akasikia bangili zikigongana. Alizijua. Alizinunua mwenyewe, zawadi ya harusi ya Nekane.

Nje ya mlango wake mbao zikalia, zikajinyoosha, na harufu ya msonobari mbichi ikaingia ndani. Bi Visi akakirudisha kiti mahali pake. Alivua viatu taratibu.

Asubuhi Nekane alisimama chini ya dirisha. "Bi Visi! Leo huko sifiki, miguu imekwisha. Nikuletee nini?"

"Bangili nimezisikia, mwanangu."

Nekane akautazama mlango wa muuza mkate. "Mume wangu hana kazi, Bi Visi. Na wale wageni wa picha ndio wanaonunua kahawa ya dada yangu, anayetulisha."

"Najua."

Kikapu kikashuka. Ndani mlikuwa na viatu vya kutokea.

"Vivae," Bi Visi alisema. "Pita kando ya mto, ufike sokoni, usimame kwenye samaki mpaka uchoke. Na usivifute."

Vilimbana Nekane kidogo, lakini alikwenda. Mchana kikapu kilipopanda, viatu vilikuwa vimelowa, vinanuka mto, na kwenye soli ya kushoto palikuwa na gamba la samaki. Bi Visi hakulibandua. Alivipanga mlangoni, ncha zikielekea nje.

Karibu na magharibi wageni walifika juu, hoi, wanacheka. Waligonga mlango kama kwenye filamu.

"Kuna mtu humo?" mmoja akauliza.

"Nipo," alisema Bi Visi.

Wakapiga makofi, wakashuka.