Mfuko wa Moyo

Damu ilikuwa kidogo mno. Ndiyo maana tulisali badala ya kukimbia.

Mdogo wangu Ndalahwa alikuwa juu ya machela, aproni ya kiwanda cha minofu ya sangara ingali kiunoni. Mwenzake aliteleza sakafuni, kisu chake chembamba kikamwingia Ndalahwa chini ya chuchu ya kushoto. Wenzake walikichomoa, wakaona kitundu kama punje ya mtama, kimeanza kukauka. Wakamtania hadi hospitali, wakimwita ngosha, mwanamume kwa Kisukuma.

"Ngosha, sangara wamelipiza!"

Alicheka.

Ulikuwa mwaka wa tisini na nne. Nilikuwa mhudumu wa chumba cha upasuaji, mama wa watoto wanne, na jioni nilisoma kidato cha pili. "Damu imekoma, Bwana asifiwe," nikasema, nikafumba macho na kuanza kushukuru. Wenzake wakaitikia.

Nilipofika amina, Daktari Rweyemamu alikuwa amemwinamia, anamsikiliza kifua.

"Dada Modesta, mtazame shingo."

Mishipa ilikuwa imetutumka kama kamba zilizolowa. Ndalahwa hakuwa anacheka tena. Midomo yake ilikuwa ya kijivu.

"Mapigo nayasikia kwa mbali, kama mtu anagonga nyumba ya jirani. Moyo unakaa ndani ya mfuko, dada. Damu haijakoma. Inajaa humo, inaubana. Sukuma machela."

Nilisukuma.

Taa ya chumba cha upasuaji ilikuwa na balbu moja nzima, kwa hiyo nilishika tochi. Daktari alipofungua kifua na kuupasua mfuko, damu nyeusi ilifoka, na moyo ukashtuka, ukaanza kupiga kwa nguvu. Akaziba tundu la moyo kwa kidole, akashona kandokando ya kidole hicho, akifuata pigo kwa pigo. Nilitafuta sala, sikuipata hata moja. Sikulia pia. Mfuko hakuushona wote. Aliacha mwanya, damu isije ikajaa tena.

"Atapona?" niliuliza.

"Anapumua."

Alipona. Lakini siku ile sikulijua hilo, na tangu siku ile nasali macho wazi.

Nilipiga deki, nikanawa, nikaenda darasani kama kawaida. Mwalimu Chenge alikuwa amechora moyo ubaoni, vyumba vinne na mishale.

"Kuna swali?"

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, umeusahau mfuko."

Akanitazama, akanipa chaki. Nikachora mstari kuuzunguka moyo wote, na upande mmoja nikauacha wazi.