Shakwe wa Kwenye Simu

Levina hakuwa akimpigia mama yake simu ili apate habari. Habari za Kibirizi, kwao Kigoma, alikuwa nazo tele, maana magunia yake ya dagaa yalitoka huko kila wiki, na Bertila, aliyekuwa akimtumia magunia hayo, hakuwa mtu wa kukaa na neno tumboni. Levina alipiga simu ili awasikie shakwe.

Usicheke. Kila aliyehama kwao ana kitu chake kimoja kinachomliza, na mara nyingi ni kitu cha kipuuzi. Wengine ni harufu ya moshi, wengine ni ugali wa muhogo. Kwa Levina ilikuwa ni kelele za wale ndege weupe wa ziwani, wezi wakubwa, wasio na haya wala shukrani. Saa nne asubuhi, wateja wakipungua pale sokoni Tabora, aligeuza ndoo, akaikalia, akapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Subiri kidogo. Ebo! Toka hapo! Toka, mwizi mkubwa we!"

Hapo ndipo Levina alipokuwa akifumba macho. Nyuma ya sauti ya mama yake walikuwa wanapiga makelele, kundi zima, na yeye aliyaona yote: dagaa walioanikwa mchangani wakimetameta, mama yake, Consolatha, ameinama na reki yake anawageuza, na shakwe wamejipanga pembeni wanasubiri anyooshe kiuno. Mmoja walimpa jina la Bwana Afya, kwa sababu alipita kila fungu akikagua kabla ya mnunuzi yeyote. Bwana Afya huyo alikuwepo tangu Levina ana miaka saba. Bila shaka walikwishapita Bwana Afya watano au sita hapo, lakini mama hakutaka kusikia hayo.

Utoto wake wote Levina alikuwa mfukuza shakwe. Mama alimfungia kipande cha kanga kwenye fimbo, akawa anakimbia huku na huku mpaka jua linakuchwa. Siku ya komunyo yake ya kwanza, akiwa na gauni jeupe na andazi mkononi, shakwe alishuka akalinyakua lile andazi lote. Mama alimkimbiza ndege yule mpaka maji yakamfika kiunoni, na viatu vya kanisani miguuni. Watu wa mwaloni, pale ufukweni kwa wavuvi, walicheka wiki nzima, na Levina alilia kwa ajili ya andazi lake.

Sasa alikuwa na miaka minane Tabora, na hakuwahi kurudi hata mara moja.

Wala usimlaumu haraka. Mumewe, Festo, alikuwa mfugaji nyuki, mwenye mizinga yake huko misitu ya Ulyankulu, mtu mpole mpaka anakera. Kabla ya Levina alikuwa na mke mwingine. Huyo aliaga anakwenda kwao Mpanda kusalimia wazazi, akabeba begi dogo, na ikawa ndiyo imetoka hiyo. Festo hakuwahi kumkataza Levina kwenda Kigoma. Laiti angekataza! Mtu akikukataza mnagombana, mnayamaliza. Festo, ukitaja Kigoma, alinawa mikono katikati ya chakula, akatoka nje akakaa kwenye kigoda akitazama baiskeli yake. Levina akawa anasema, basi, mwakani. Miaka minane ya mwakani.

Mwezi wa tatu, shakwe walinyamaza.

Levina alipiga saa nne kama kawaida. "Uko wapi mama?"

"Si niko mwaloni, nageuza dagaa."

Lakini nyuma ya sauti aliwika jogoo. Halafu mlango ukalia bawabani, halafu redio ya jirani. Levina akashika simu kwa mikono miwili.

"Bwana Afya hajambo?"

"Hajambo, mshenzi yule. Leo kaniibia watatu."

Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na keshokutwa. Mama alikuwa akiwafukuza shakwe ambao hawakuwepo. "Toka!" alisema, kisha akasubiri kidogo, kama anayewapa nafasi ya kuruka. Levina alisikia jogoo tu. Siku ya nne alimpigia Bertila, akamwambia leo sitaki habari za magunia, nataka za mama.

Bertila, ambaye hajawahi kukosa neno maishani mwake, safari hii alianza kwa kujitetea.

"Alinikataza," alisema. "Macho yamemwisha, Levina. Tulimkuta pale mwaloni anageuza mchanga mtupu, anadhani ni dagaa. Shakwe wanakula mbele yake, wamemzunguka, na yeye haoni. Tukamshika mkono tukamrudisha nyumbani. Anasema usiambiwe, usije ukavunja nyumba yako kwa ajili yake."

Siku hiyo Levina alifunga meza yake saa tano.

Jioni alimpakulia Festo chakula, akamlaza mtoto wao, Magreth, akakaa. Alikuwa amejiandaa kusema yote. Lakini alipomtazama yule mwanaume anavyokula kwa furaha, akaanza kuzunguka mbuyu. "Siku hizi siwasikii tena shakwe," alisema. Akaangua kilio.

Sasa mwambie mtu wa misituni kwamba umewakosa shakwe. Ataelewa nini? Ataelewa kwamba umewakosa shakwe. Festo aliacha kula, safari hii si kwa kununa. Alimpigapiga mkewe mgongoni, akafikiri.

Jumapili, baada ya ibada, alikuja na pikipiki ya kuazima. "Mama Magreth, vaa. Tunakwenda mahali."

"Wapi?"

"We vaa tu."

Magreth wakamwacha kwa jirani. Walitoka mjini kwenda kaskazini, vumbi jekundu likiwapanda mpaka kwenye nyusi, mpaka bwawa la Igombe likatokea mbele yao, limelala kimya. Festo alizima pikipiki. Alikuwa anatabasamu kama mtoto aliyeficha kitu. Akanyoosha mkono.

"Haya. Shakwe wako hao."

Ukingoni, kwenye majani yenye maji, walisimama ndege weupe kama ishirini hivi. Shingo ndefu, miguu mirefu, wametulia kama waumini kwenye mahubiri. Walikuwa yangeyange. Levina aliwajua tangu mbali, kama mtu anavyojua kwamba anayekuja si ndugu yake kwa kuona mwendo tu. Kwa watu wa misituni, ndege mweupe akiwa karibu na maji, basi ni shakwe, kwisha. Nani angemfundisha Festo?

Na hakuishia hapo. Alitoa mfukoni kifungu cha gazeti, akakifungua. Dagaa! Tena wale wa daraja la kwanza, aliowachota kwenye gunia la mkewe. "Ulisema wanapenda hawa," alisema, akawarushia.

Yangeyange mmoja aliwatazama dagaa kwa jicho moja, akasogea hatua mbili pembeni, akaendelea na mambo yake. Festo akarusha tena. Wakasogea tena, kwa heshima zote. Kunguru watatu walishuka kutoka mtini, wakala kila kitu.

Levina alicheka. Alicheka mpaka akachuchumaa, na Festo naye akacheka, akidhani amefanikiwa. Halafu kicheko cha Levina kikageuka kilio, na Festo akaona.

"Siyo wenyewe?" aliuliza.

Angeweza kusema ndio wenyewe. Neno lilikuwa karibu kabisa, na mwanaume yule alikuwa ameazima pikipiki, ameiba dagaa nyumbani kwake mwenyewe, amemeza vumbi la njia nzima. Wangerudi nyumbani wamefurahi. Na kesho saa nne mama yake angesema "Toka!" kuwaambia ndege wasiokuwepo.

"Siyo wenyewe, baba Magreth. Hawa ni yangeyange. Na hata wangekuwa wenyewe..." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Si ndege ninaowalilia. Ni mama. Amekuwa kipofu. Ananidanganya kwamba anakwenda mwaloni, na mimi najua anadanganya kwa sababu siwasikii shakwe nyuma yake. Nimeshindwa kukwambia. Nataka kwenda kwetu, Festo. Nimetamani kwetu mpaka naumwa."

Hakuwahi kumwita kwa jina tangu Magreth azaliwe. Festo alikunja lile gazeti tupu mara mbili, mara nne, mpaka likawa dogo kama sanduku la kiberiti.

"Na yule wa kwanza alisema anakwenda kumwona mama yake," alisema.

"Mimi siye yule."

"Najua."

Yangeyange waliinua miguu, wakaishusha. Levina alisema jambo alilokuwa amelipanga usiku kucha, jambo lililomuuma kuliko yote: "Nitamwacha Magreth kwako. Ili ujue nitarudi."

Festo aligeuka haraka, na kwa mara ya kwanza katika miaka minane Levina aliona hasira machoni mwake. "Mtoto haachwi rehani, mama Magreth. Unanionaje mimi? Nenda naye. Bibi yake hamwoni, basi amshike uso."

Levina alimshika mumewe mkono, ule mkono wenye ngozi ngumu ya miaka ya miiba ya nyuki, akaubana.

"Treni ya Kigoma nitawapandisha mwenyewe," alisema Festo. "Asali chupa mbili umpelekee mama, ile nyeusi." Aliongea upesi upesi, kama anayehofia kuishiwa nguvu kabla hajamaliza. Kisha akatazama maji.

"Kitu kimoja tu," alisema.

"Sema."

"Usinitajie siku ya kurudi."

Levina hakuelewa. "Kwa nini?"

"Yule alinitajia. Alisema Jumamosi. Nikaenda stesheni Jumamosi, treni ikafika, watu wakashuka mpaka wakaisha. Nikasema labda ni Jumamosi ijayo. Nilikwenda mwaka mzima, mpaka walinzi wa pale wakanizoea, wakawa wananiwekea kiti." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Wewe nenda. Ukija, umekuja. Ila siku usinitajie."

Levina alikuwa ameshafungua kinywa aseme wiki mbili. Akakifunga.